Mgeni Aliyetafuna Kahawa ya Kemirembe

Betri zote nne zilikuwa nje, zimepangwa juu ya jiwe zikiota jua ili zipate nguvu, na bado kile kidude kilikuwa kinapiga muziki ndani.

Kemirembe alisimama mlangoni na ungo wa maharage mkononi. Akatazama jiwe: betri hizi hapa, kuku anazidonoa. Akatega sikio: muziki ule pale, ti-ti-ti, ti-ti, mwembamba kama mbu.

"Baba Edvina," akaita, "hicho kitu kinakula nini?"

"Kinakula betri," mumewe akajibu kutoka ndani.

"Betri ninaziona mimi hapa!"

Muziki ukanyamaza ghafla, kama mtu aliyesikia kwamba anasemwa.

Ndyamukama, mumewe, alikuwa fundi redio pale mjini Kayanga, na mwaka huo wa tisini na tano, magari ya misaada ya wakimbizi yalipojaa barabarani, hakukosa kazi. Siku moja akaja mtu mrefu, amevaa koti la mvua katikati ya kiangazi, vumbi tupu. Akaweka kidude mezani, akasema, "Kitengeneze. Nitakifuata nyumbani kwako." Jina hakutaja, na nyumbani hakuuliza ni wapi. Mtu mwenye akili timamu angekirudisha pale pale. Lakini fundi na kitu kipya ni fisi na mfupa, utamwambia nini?

Kilipofika nyumbani, kijijini Ndama, Ndyamukama alikisifu kama dalali mnadani. "Tazama, Mama Edvina! Hii ni kompyuta ya mkononi, ya michezo. Kioo hiki hapa, vitufe hivi vya kumwendesha mtu mdogo, hapa unapunguza mwanga, hapa unachomeka spika za masikioni. Nyuma unaingiza kaseti, kila kaseti na mchezo wake. Na ina kumbukumbu! Ukiizima leo, kesho inakuanzishia pale pale ulipoachia. Haisahau kitu."

"Kisichosahau ni cha kuogopwa," Kemirembe akasema.

Mumewe akacheka. Akakiweka juu ya kigoda cha wageni, maana ndicho pekee ambacho kuku hawakukizoea. Kidude kikapiga kamuziki kafupi, kama mtu anayebisha hodi. Kemirembe alikuwa amebeba kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo Mnyambo, mwenyeji wa huko, hampitishi mgeni bila kumpa. Basi kwa utani akaokota punje mbili, akaziweka juu ya kioo. "Haya, mgeni, tafuna." Wakacheka wote wawili. Aliporudi kutoka jikoni punje hazikuwapo, akadhani mumewe amezila. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Hawasemi ni mgeni gani.

Tangu hapo kahawa ikaanza kupungua kikapuni. Kemirembe akamshuku Mbonimpa, kibarua aliyekuwa akiwapalilia migomba. Akamvizia, akamkabili shambani.

"Mbonimpa, kama ni kahawa unaitaka, si uombe?"

"Mama, mimi sitafuni. Ikiingia mdomoni sipati usingizi." Akaangalia nyumba, akashusha sauti. "Huyo anayekaa kwenye kigoda ndiye anayetafuna. Namsikia ninapopita dirishani."

"Nani anakaa kwenye kigoda? Baba Edvina yuko Kayanga."

"Najua yuko Kayanga, mama."

Akainama kupalilia. Kesho yake hakuja, na jembe lake lilibaki limeegemea mgomba. Kemirembe akajiambia kwamba mwizi akishtukiwa hukimbia. Lakini kila alipolipita lile jembe alikumbuka kwamba mgeni wa siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na huyu wa kwake hakuwa hata na mikono ya kulishikia.

Ndyamukama akaacha kwenda kazini. Akawa anashinda kitandani na kidude kifuani, vidole gumba vikikimbia, macho mekundu. Ukimsalimu, haitikii. Ukimpa matoke, yanapoa. Mchana mmoja Kemirembe akasikia mnong'ono chumbani, sauti mbili, mume wake na mwingine, na wivu ukampanda hadi kooni. Ametuletea mwanamke humu ndani! Akausukuma mlango kwa bega. Mume alikuwa peke yake. Hewa ilinuka koti lililoloa, na nje mvua haikuwa imenyesha tangu watu wavune maharage.

"Unaongea na nani?"

"Ananielekeza," Ndyamukama akasema, hakuinua uso. "Njoo uone. Tumeshafika sebuleni."

Kemirembe akainama juu ya bega lake. Kwenye kioo, kijitu kidogo kilikuwa kinatembea ndani ya nyumba, na nyumba ile akaijua, akaijua kabla macho hayajamaliza kuitazama, kwa sababu migomba ilikuwa upande uleule, na zizi la Gaaju ng'ombe wao, na mti wa kahawa ulioinamia choo, na sebuleni kigoda, na mbele ya kijitu mlango, na nyuma ya mlango kitanda, na juu ya kitanda mtu amelala, kifuani ana kitu kidogo kinachong'aa.

"Nikimfikisha hapo kitandani," mumewe akasema, "nimeshinda. Ataingia yeye, nami nitapumzika."

"Utapumzikia wapi, Baba Edvina?"

Akaonyesha kioo kwa kidevu.

Kemirembe hakusubiri kusikia zaidi. Alimpenda mwanamume yule, mkaidi, mcheshi, baba wa mwanawe aliyekuwa kwa bibi yake kule Rugu, na asingekubali aliwe hivihivi akiangalia. Akamkimbilia Bibi Mukashema, mama wa Kinyarwanda aliyehamia Ndama zamani, asubuhi yuko Misa, mchana yuko na mizizi yake, na padre alijua na kunyamaza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti, unahema."

"Siketi, bibi. Mume wangu anachukuliwa!"

Bibi alipofika hakumtazama mgonjwa. Akakichukua kidude, akakigeuza, akafungua kifuniko cha betri kwa ukucha. Betri hazikuwamo. Zilikuwamo kumvi za kahawa, zimetafunwa, bado zina mate. Akavuta pumzi ndefu.

"Nani alimpa huyu kahawa?"

Kemirembe akamgeukia mumewe, kisha akafikiria Mbonimpa, kisha majirani mmoja mmoja, akitafuta wa kumtupia, hadi kumbukumbu ikamrudia mwenyewe: punje mbili, haya mgeni, tafuna. "Ni mimi," akanong'ona. "Nilikuwa natania."

"Jini hajui utani. Aliyetafuna kahawa yako hafukuzwi, mwanangu, ukimfukuza ataondoka na mwenye nyumba. Anasindikizwa. Na wa kumsindikiza ni yule aliyempokea. Mbebe hadi ng'ambo ya kijito, umweke chini kwa heshima, urudi. Njiani atasema nawe. Usimjibu. Hata neno moja, usimjibu."

"Kunyamaza tu, bibi? Hilo naliweza."

"Wewe?" Bibi akamtazama kwa huruma. "Mama yako alikulea vizuri mno. Haya, nenda."

Kemirembe akakiweka kidude ndani ya kikapu cha kahawa, akakifunika kwa jani la mgomba, akatoka. Kilikuwa chepesi mlangoni, lakini kila alipopita mgomba kikazidi, hadi shingo ikamwuma kama amebeba debe la maji, na harufu ya koti bichi ikamfuata puani, na nyayo zikaanza kusikika nyuma yake, za mtu mrefu asiye na haraka.

"Mama Edvina, pole na mzigo," ikasema sauti. Akauma mdomo.

"Mama Edvina, mumeo nimemwacha salama. Hufurahi?" Akauma hadi akaonja damu.

Akavuka kijito. Akakitua kikapu kwenye nyasi, akakipigia magoti kidogo kama ipasavyo, akageuka. Uzito ukamtoka mwilini mara moja, hewa ikanuka majani tu, na Kemirembe akajisikia mwepesi, amefurahi hata akataka kuimba. Ameshinda! Mguu ukiwa tayari majini, akasikia nyuma yake sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mgeni yeyote mwema anayeaga:

"Asante kwa kahawa. Na wewe siku moja ufike kwangu."

"Asante, nitakuja," mdomo wake ukasema.

Hakuwa yeye aliyesema. Ilikuwa ni malezi yote, viboko vyote vya mama yake, adabu ya ukoo mzima. Akaubana mdomo kwa mikono miwili. Amechelewa.

"Lini?" sauti ikauliza.

Alikimbia hadi nyumbani bila kugeuka. Ndyamukama alikuwa ameketi uani, wekundu umemtoka machoni, anakula matoke yaliyopoa kwa pupa. Bibi Mukashema alikuwa ameshaondoka. Mume alimwita kwa jina lake la usichana, akamwuliza kwa nini ameachwa alale mchana kutwa na kwa nini Mbonimpa ameacha jembe, na ikawa wazi kwamba hakumbuki lolote, wala koti, wala kidude. Kemirembe akamkumbatia na kulia. Akasema machozi ni ya moshi. Akaingia jikoni kumwongezea chakula, akijiambia kwamba kijito kiko mbali, na ahadi ya kuaga si ahadi.

Alipokuwa anachochea kuni akasikia mumewe akiongea uani, kwa uchangamfu wake wa siku zote. Kisha kichwa chake kikachungulia jikoni, kinatabasamu.

"Mama Edvina, toka basi. Kuna mgeni wako, mrefu, amevaa koti la mvua. Anasema mmeahidiana, amekuja kukuchukua."

Macho ya Kemirembe yakaenda pale kikapu cha kahawa kilipokuwa kikikaa.

"Usihangaike," Ndyamukama akasema. "Kikapu amekuja nacho mwenyewe. Nimeshampa kahawa."