Kinu cha Mama Ridahun

"Washenga wameshaingia, Kit. Usinipigie tena."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mpenzi wake Ridahun kabla ya kumfungia namba. Pale studio ya redio, mjini Shillong, India, Kit alipiga mara kumi na moja, wapi! Akaandika: "Rida, nipe nafasi moja tu." Ujumbe haukufika.

"Bah Kit, kaka yangu, dakika moja uko hewani," alisema Kong Baiahun, dada fundi mitambo.

Kila Jumamosi alasiri Kit alipendekeza muziki mpya wa ala tupu, usio na mwimbaji: dabu ya besi na mwangwi, jazi na roki. Ridahun na mama yake hawakukosa kumsikiliza hata wiki moja.

"Kong, niache nimtaje jina tu!"

"Mtaje, tufukuzwe wote wawili. Bosi kasema salamu za mapenzi mwisho. Piga muziki."

Kosa lilikuwa lake, na lilimuuma. Ridahun ni binti kitinda mimba. Kwa kabila lao la Wakhasi nyumba ya mama ni ya binti huyo, na mume ndiye anayehamia. Baba yake Kit alihamia, babu yake alihamia, lakini yeye na majivuno yake akabwata mbele ya mama mtu: "Mimi mwanamume, silelewi ukweni!"

Akapiga jazi ya tarumbeta kutoka Kolkata, akasifia besi yake. Akapiga roki ya vijana wa Aizawl. Kisha akachomeka dabu aliyoitengeneza mwenyewe kwa gitaa lake.

"Hii ni mpya kabisa, haina hata jina. Aliyeipiga ni mpumbavu mmoja. Naipendekeza kwa mwenye nyumba ambaye bado hajafunga mlango."

Kong Baiahun akamkata jicho. Besi nzito ikaingia, mvua ikapiga juu ya bati, na katikati yake chuma kikagonga chuma: ko, ko, ko, mwangwi ukienda na kurudi.

Kit akalaza kichwa mezani, akalia. Mama yake Ridahun akipokea tambuu ya washenga, basi tena.

Simu ya studio ikaita.

"Mwizi mkubwa wee!"

"Mama?"

"Hicho si kinu changu cha popoo? Mimi natwanga hapa, redioni kinanijibu! Wageni wananiona kichaa. Umekiiba lini?"

"Mvua za mwaka jana, Mama. Ulikuwa unatwanga, Rida anacheka. Nikawarekodi kwa simu."

Mama akashusha sauti.

"Mwenzio analia huku. Tambuu ya wageni imejaa sahani, hataki hata kuiona. Na mimi sina meno ya kutafunia tambuu ya watu nisiowapenda. Nakuuliza mara moja: utahamia?"

"Nitahamia, Mama. Hata leo!"

"Na hilo gitaa?"

"Likikukera nitaliuza."

"Usiuze. Ila popoo utatwanga wewe, mikono yangu imechoka. Haya, ongea na mtu wako."

Kit akasikia mtu akipenga kamasi.

"Kit."

"Rida, nisamehe. Nilikuwa mjinga."

"Hicho kicheko mwishoni mwa muziki ni changu?"

"Ni chako."

"Basi hiyo si ala tupu. Umewadanganya wasikilizaji. Njoo hapa uombe radhi, uanze na washenga."