Kidonda Kisichofunga

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitali imefurika watu. Msusi alikuwa amemfuatia shangazi yake dawa za presha. Mbele yake alisimama kijana mrefu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, viatu vinang'aa.

"Kaka, hivyo viatu mtu anaweza kujitazama humo akijipaka wanja."

"Mimi fundi viatu, dada. Nikivaa vibovu, nani ataniletea vyake?"

Foleni ilipoisha walikuwa wameshapeana namba, na tangu hapo simu zao hazikupoa.

Fundi hakumficha. Kichwani alikuwa na uvimbe. Walimpasua wakautoa nusu, nusu ikabaki.

"Uvimbe unajiotesha mishipa ya damu ili upate chakula," alimweleza. "Kuna kimeng'enya mwilini kinachoichochea mishipa hiyo iote. Hivi vidonge vinakizuia."

"Basi uvimbe ulale njaa," msusi akasema. "Wewe kula, mpenzi."

Siku moja msusi akaona plasta kwenye kidole gumba cha fundi. Wiki zikapita, plasta ipo. Akamshika mkono, akaibandua. Kidonda kilikuwa wazi, kingo zimekuwa nyeupe, kiganja kimeanza kuvimba.

"Hiki cha lini?"

"Mwezi uliopita. Kisu cha ngozi kiliteleza. Achana nacho."

"Mwezi mzima hakifungi? Ni zile dawa. Kidonda nacho kinataka mishipa mipya."

"Najua. Daktari akikiona atanisimamishia vidonge, na huku kichwani uvimbe utaanza kula tena. Niapie hutasema."

Msusi hakuapa. Asubuhi alikwenda kwa daktari wa fundi, akasema.

Vidonge vikasimamishwa. Usaha ulikuwa umeshaanza kupanda. Wangechelewa kidogo, mkono ungekatwa. Jioni fundi akapiga simu.

"Umeniua," alisema kwa sauti ya chini. "Usinitafute tena."

Alimtafuta. Simu iliita, ikakatwa. Kesho yake hivyo hivyo. Saluni alianza kupindisha mistari ya nywele, wateja wakamtazama kwenye kioo.

Mchana mmoja, viti vyote vimejaa, fundi akaingia. Amekonda, shati linamning'inia. Akanyoosha kidole gumba, kovu jipya jekundu.

"Kimefunga. Jana wamenirudishia dawa."

"Na kichwani?"

"Hawajui. Kesho napigwa picha." Akasogea karibu. "Zile zilikuwa hasira za woga, mpenzi. Naogopa kwenda peke yangu."

"Si wanaruhusu ndugu tu?"

"Nimewaambia naja na mchumba wangu."

Vidole vya msusi vikakaza kwenye msuko. "Mimi nimechumbiwa lini?"

"Nakuchumbia sasa, mbele za watu. Sijui nimebakiza miaka mingapi. Yote naitaka na wewe."

"Dada, mjibu mwenzio," mteja akalalamika. "Unaning'oa nywele."

Msusi akalegeza vidole. Machozi yalimlenga, hakuyafuta.

"Hiyo picha ni saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Nipitie mapema basi. Sitaki mchumba wangu achelewe."