Hodi Kutoka Jengo la Nguzo

“Mlango huo ukibaki utakudhuru nini?” Lukresia alimuuliza mumewe.

“Utanifukuzia wateja,” Pankrasi alijibu. “Nani ataingia duka la kisasa kwa mlango wa ghala? Naweka vioo, mama Dorine. Tumemaliza.”

Walikuwa wamesimama kwenye baraza ya maduka ya zamani hapo Songea mjini, jengo refu la nguzo lililofungwa tangu enzi za foleni za sukari. Sasa biashara ilikuwa huria, na Pankrasi alikuwa amelichukua alitengeneze upya. Lukresia alikuwa na hofu. Daimu, fundi cherehani wa pale barazani, alimweleza kwamba wenye duka wa zamani hawakufungua mlango ule bila kubisha hodi kwanza na kungoja kidogo, ingawa ndani hapakuwa na mtu.

Mlango uling’olewa. Fremu ilipotoka, harufu ya ubani ilitoka nayo, ikashinda ya saruji mbichi.

“Mmemvunjia nyumba, atatafuta nyingine,” Daimu alimnong’oneza Lukresia. “Akibisha kwako, shemeji, msimwitikie. Hawezi kuingia mpaka akaribishwe.”

Lukresia aliwaonya wote nyumbani. Pankrasi alicheka. Jioni, hodi ilipokuja, hakucheka tena, maana sauti ilikuwa yake mwenyewe, na yeye alikuwa ameketi pale na tonge mkononi. Walikaa kimya, ubani ukipenya chini ya mlango, hodi ikirudiwa taratibu, kwa upole, kama ya mtu aliyechoka na kazi, mpaka kiganja cha Lukresia, kilichoziba mdomo wa binti yao Dorine, kikalowa machozi ya mtoto.

Kulipokucha Pankrasi aliagiza mlango urudishwe. Mafundi walikuwa wameshaupasua kuni za kupikia ugali. Akaondoka kwenda Hanga kumtafuta padri.

Mchana mama yake Pankrasi akashuka na basi kutoka Namtumbo, bila taarifa, na kikapu cha mahindi. Lukresia alimwamkia shikamoo, akamketisha sebuleni, akaenda uani kumtekea maji ya kunywa kabla ya kumweleza lolote. Ndoo ilikuwa haijajaa alipoisikia sauti ya Pankrasi huko mbele, na ubani ukamfikia, akaitupa ndoo akakimbia, akijaribu kupiga kelele na sauti haitoki, huku akimsikia mama mkwe akivuta komeo na kusema kwa furaha, “Karibu, mwanangu. Pita ndani.”