Kwaya Iliyomngoja Papa Eliezer

Jioni ile nilikwenda soko la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kununua betri za radio ya baba. Hakuna kingine. Ulikuwa mwaka 2002, vita kwetu Uvira vilikuwa havijaisha, na baba yangu, Papa Eliezer, alikuwa amebakiwa na hamu moja tu duniani: muziki wa klasiki.

Kwetu alikuwa mpiga kinanda wa kanisa dogo nje ya mji. Humu kambini aliketi na radio sikioni, akizungusha kitufe polepole, akipita mahubiri, mpira, rumba, mpaka anase kwaya ya Kizungu au vinanda. Haikudumu. Mara habari. Hapo alikasirika kama mtoto.

"Banaonjesha mutu kijiko moja ya supu, kisha banaondosha sahani!"

Nilirudi giza likianza kuingia. Nikiwa bado njiani nikasikia kwaya. Sauti nne, safi, zikipanda taratibu... Nikafurahi. Leo amepata kitu.

Kisha nikasimama.

Betri zilikuwa mkononi mwangu.

Niliingia. Radio ilikuwa mezani, kifuniko cha nyuma wazi, tumbo tupu. Inaimba. Chumba kizima kilinuka mishumaa iliyozimwa sasa hivi... na chini yake, harufu ya mbao zilizoungua.

Kwaya ilifika mahali, ikanyamaza. Nilisikia pumzi zao. Wanangoja. Vidole vya baba vikatembea juu ya meza, vikajaza ule ukimya. Kwaya ikaendelea.

"Njo bao, kwaya yetu, Arlène," akanong'ona. "Mama yako iko pale. Sikiliza."

Nilimsikia. Mama yangu Mathilde, sauti ya kwanza.

Mama aliuawa kanisani pamoja na kwaya nzima mwaka 1998. Askari waliwakuta mazoezini, kisha wakalichoma kanisa. Siku ile baba alikuwa kitandani na malaria. Waliimba bila kinanda.

Basi ikawa hivyo kila magharibi. Kila siku ule ukimya ulizidi kurefuka, na baba alizidi kukonda. Nsima, ugali wa huku, niliyompikia ilipoa sahanini. Nikaelewa. Hawa hawamwimbii.

Wanamwita.

Nikampeleka mjini Lilongwe. Karibu na mtaa wa Kawale kulikuwa na duka la intaneti, na dada mmoja wa kwetu, Gabriella, alifanya kazi pale. Nilimwomba amtafutie baba wimbo ule, ukiimbwa na kwaya nzuri kuliko zote. Nilifikiri akishiba hii, ataisahau ile. Kompyuta ilikwama, ikaanza upya, ikakwama. Gabriella hakuchoka. Hatimaye akamvisha baba vile vya masikioni. Wimbo uleule, kwaya kubwa ya Ulaya. Baba alifumba macho mpaka mwisho.

"Merci, mutoto yangu. Banaimba muzuri sana." Kisha akanigeukia mimi, taratibu. "Lakini habakuniachia nafasi."

Tulifika Dzaleka jua likizama. Njia nzima nilikuwa nimekwisha kuamua: radio ile naitupa chooni leo hii. Nilisukuma mlango. Ilikuwa imeshaanza. Nikaibeba kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi, na ilitetemeka kama kuku anayeshikwa usiku.

Kwaya ilifika pale pa kunyamaza.

Kinanda kikaitika.

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelegea.

"Si miye," akasema.

Kinanda kilikosea, kikarudi nyuma, kikaanza tena. Baba aliyatambua makosa yale. Wimbo ule alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu: kaka yangu Étienne, aliyebaki Uvira kulinda shamba. Mzima. Tulikuwa tumepata salamu zake si zamani.

"Baba... niivunje?"

Alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi kuliko ile radio.

"Hapana. Muache amalize."

Alimaliza. Tangu jioni ile radio haikuimba tena bila betri, na hata kwa betri mpya hatukuipata kwaya ile.

Majuma machache baadaye alifika kambini Mama Odette, jirani yetu wa zamani. Alituletea habari tuliyokuwa nayo tayari. Étienne alipigwa risasi akitoka shambani, saa za magharibi. Walimzika karibu na kanisa, pale palipobaki kuta.

"Lakini, Papa..." Odette akashusha sauti. "Bantu habapite tena pale mangaribi. Kinanda kiliungua, bote tuliona majivu. Lakini banakisikia."

Baba aliisogeza ile radio karibu naye.

"Anapiga muzuri?"

Odette alinitazama, kama anayeomba msaada.

"Kwanza alikuwa anakosea," akanong'ona. "Sasa anapiga muzuri sana, Papa."