Shemeji Alimkana Mume Wangu Mbele ya Daktari

Nina miaka ishirini na sita, mama wa mtoto mmoja wa kike. Nafanya usafi hotelini hapa Doha. Niliishia kidato cha nne, sina maneno makubwa. Nina hasira tu!

Mume wangu alikuwa soja wa mlangoni kwenye jengo moja la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mtu mpole... Kisha akaanza kukosa usingizi, akidai wapangaji wanamtilia sumu kwenye chai. Asubuhi moja akampiga mpangaji kwa kiti, akamvunja mkono. Akashikwa.

Mahakamani hakujua hata anashtakiwa nini. Alikuwa anacheka na ukuta! Hakimu akaamuru apelekwe hospitali ya akili, atibiwe kwanza, kesi ingoje. Nilimshukuru Mungu. Dawa zikamtuliza, akaanza kula.

Daktari akatuita sisi jamaa zake: amewahi kuugua hivi? Mimi sikujua lolote. Nikamtegemea kaka yake, dereva huko Muaither, nje kidogo ya Doha. Shemeji akaapa kwamba kwao hakuna kitu kama hicho, kwamba mdogo wake ni mvivu tu, anajifanya ili arudishwe nyumbani.

Kumbe! Nilipompigia mama mkwe simu, alilia mpaka akasema. Mwanawe alikuwa akitibiwa tangu yuko shuleni. Walinificha nisije nikamkataa... Dawa zilimwishia huku huku Doha, akaona haya kuniambia.

Nikamfuata shemeji, nikamsihi arudi kwa daktari.

"Shem, dada zetu hawajaolewa," akasema. "Nikitangaza kwetu kuna wazimu, nani atakuja kuposa?"

"Na ndugu yako je?"

"Jela mtu hutoka. Wazimu hautoki kwenye ukoo."

Mnasikia hayo, wasomaji?

Nilikimbia hospitali peke yangu, daktari akasema neno langu halitoshi, anataka la ndugu wa damu. Nikampigia mama mkwe azungumze na daktari... akazima simu! Ripoti ya daktari ikaenda mahakamani ikisema mume wangu ni mzima na alijua alichofanya. Akahukumiwa. Sasa yuko jela, na nikienda kumwona anaongea na ukuta tena.

Jamani, kama kwenu kuna mgonjwa wa akili, semeni! Semeni kabla ya mahari, semeni kwa daktari. Na wewe dada unayechumbiwa, usiulize kazi peke yake. Uliza na afya, hata wakikununia.

Juzi mama mkwe amenitumia ujumbe: mtoto akiuliza, nimwambie baba yuko kazini.

Sitasema hivyo. Nitamwambia baba yake ni mgonjwa, na watu wake walijua.