Maji ya Boza

Yaliyompata rafiki yangu Ladislaus hayajamtoka mpaka leo. Yeye ni dereva wa boza, gari la tangi la kumwagia maji barabara mpya ya Masasi kwenda Newala.

Jioni moja ya ukungu mzito alisimama pale barabara ilipochepushwa kupita katikati ya mahame, kijiji kilichohamwa zamani, makaburi yakabaki. Mara akasikia madumu matupu yakigongana nyuma ya gari.

"Shikamoo, baba. Tugawie maji," sauti ya mwanamke iliomba.

"Marahaba. Kingeni upesi, bosi asinikute."

Kule juu Newala maji ni shida, hakuna dereva anayemnyima mama maji. Ladislaus akafungua koki kwa swichi, akiwa palepale kwenye usukani. Akasikia dumu likijaa, sauti ikipanda na kuwa nyembamba, kisha jingine, na jingine, mpaka tangi likakauka.

"Yameisha, mama!"

Akashuka na tochi. Chini ya koki vumbi lilikuwa kavu kabisa, na nyayo zilikuwa zake tu. Akainama atazame vizuri. Ndipo akasikia, chini ya kifusi walichoshindilia mafundi wa barabara mchana, dumu likiendelea kujaa taratibu, na sauti ileile ikisema, "Bado wengine, baba."