Theluji ya Darajani

Nilitoka kumwita Alden aje kula. Maharagwe yalikuwa yanapoa mezani, na jua lilishazama nyuma ya kilima.

Nikamkuta ndani ya daraja letu la zamani, lile la mbao lenye kuta na paa, ameshika ufagio. Sakafu nzima ilikuwa kavu. Theluji niliyoibeba kwa beleshi asubuhi yote, nikaitandaza humo mpaka mgongo ukaniuma, alikuwa ameimwaga yote mtoni.

Mdogo wangu huyu alikuja kwetu Vermont kupiga picha tu.

"Umefanya nini, Alden?"

"Nataka mbao zionekane. Nani anatandaza theluji chini ya paa, dada? Mambo ya farasi yalikwisha zamani."

"Baba alitandaza kila mwaka."

"Baba aliogopa hata kivuli chake."

Nilitamani kumzaba kofi. Baba hakuwa mwoga. Alisema tu kwamba wakati wa baridi maiti walivushwa hapa kwenda makaburini ng'ambo, kwa magari ya farasi yasiyo na magurudumu, yanayoteleza juu ya theluji tu, na kwamba wengine bado hawajafika.

"Nisaidie tuirudishe. Sasa hivi."

Akacheka.

Ndipo tukasikia...

Krrrrr.

Chuma juu ya mbao kavu. Polepole. Harufu ya farasi aliyelowa ikajaa darajani, na farasi hakuwepo. Sauti ile ikajikokota mpaka katikati, ikakwama.



"Nani kaondoa theluji?" Mtu alinong'ona karibu kabisa na sisi.

Nilimshika Alden mkono, nikamfinya anyamaze. Lakini tangu utotoni haulizwi akakaa kimya.

"Mimi. Kwani wewe nani?"

"Basi vuta."

Mkono wa Alden ukachomoka kwenye kiganja changu.

Tulimtafuta kwa taa, mimi na majirani. Tuliona mistari miwili imechimbika kwenye mbao, ikaishia katikati. Ng'ambo, theluji ya makaburini haikuwa na alama hata moja. Kabla hatujaanza kuibeba kuirudisha darajani, mvua ikanyesha, ikaiyeyusha yote. Theluji haijaanguka tena.

Kila jioni nasimama pale na beleshi tupu. Chuma kinakwaruza kidogo, kinakwama. Kisha namsikia ndugu yangu akihema.

"Dada," ananong'ona. "Leta theluji. Mzigo mzito."

Jana aliongeza neno.

"Au njoo... tusaidiane."

Nimeangalia mbingu tangu asubuhi. Hakuna hata wingu, na jua linazama.